Sura ya 6: Ndani ya Daftari la Anayechana

Wazazi huniuliza swali hili kwa sauti ya chini, mara nyingi tukiwa tumeshaagana: "Mwanangu yuko kidato cha tatu. Akitoka shule anajifungia chumbani, hedifoni masikioni, anatikisa kichwa huku anaandika kwenye daftari ambalo hataki tulione. Ukimuuliza, anasema anaandika mistari. Huyu si ndiyo anapotea hivyo?"

Jibu langu huwa fupi: muombe akuoneshe hilo daftari.

Watu wazima tukibishana kuhusu hip hop, hubishana kuhusu kinachoingia masikioni mwa kijana. Tunahesabu matusi, tunaangalia nguo, tunauliza nyimbo zinasema nini. Ni maswali halali, na nitayafikia. Lakini faida kubwa ya muziki huu kwa vijana haimo katika kuusikiliza. Imo katika kuutengeneza: kuandika, kuhesabu, kufuta, kukariri, kusimama mbele ya wenzako, kujibiwa, kurudi nyumbani na kuandika upya. Kijana anayesikiliza tu anapata burudani, na si vibaya. Anayeandika anapata shule ya pili.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Hip hop ni utamaduni wa vijana wenye nguzo nne: udijei, yaani ufundi wa kuchezesha santuri, uemsii, yaani kughani maneno juu ya mdundo, dansi ya breki, na grafiti, ile michoro mikubwa ya rangi ukutani. Sura hii inahusu zaidi nguzo ya pili. Kwetu Tanzania kughani huko huitwa kuchana, maneno yenyewe huitwa mistari, na mdundo huitwa biti. Ukichana maneno unayotunga papo hapo, bila kuandika, hiyo ni mitindo huru. Na vijana wakikaa duara wakachana kwa zamu, wengi huliita duara hilo kilinge.

Disko la kununua nguo za shule

Wengi wanaamini hip hop ilizaliwa kwenye bunduki na mikufu ya dhahabu. Habari yenyewe ni nyingine.

Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye ukumbi wa ghorofa ya chini wa jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, eneo la Bronx jijini New York, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa disko. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa naye alitaka hela ya nguo mpya. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Aliyepiga muziki ni kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye mtaani alijulikana kwa jina la DJ Kool Herc.

Herc alikuwa na jicho. Aliona kwamba wachezaji husubiri kile kipande kifupi cha wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na kuacha ngoma zitambe peke yake. Hapo ndipo watu hujimwaga. Tatizo ni kwamba kipande hicho hudumu sekunde chache. Basi akachukua santuri mbili za wimbo uleule, akaziweka kwenye mashine mbili. Kipande kikiisha upande huu anakianzisha upande wa pili, huku akirudisha nyuma ile ya kwanza. Sekunde chache zikawa dakika kadhaa. Juu ya mdundo huo usiokatika akawa anarusha maneno mafupi ya kuwachangamsha watu, na humo ndimo uchanaji ulimoota.

Bronx ya wakati ule ilikuwa imeumizwa vibaya. Barabara kuu ilikuwa imepasua mitaa katikati, majengo yalikuwa yakiungua mtaa baada ya mtaa, na vijana walijigawa katika magenge yenye mipaka ambayo ukiivuka unapigwa. Desemba 1971, baada ya kijana mmoja aliyetumwa kusuluhisha ugomvi kuuawa, viongozi wa magenge walikutana na kuwekeana amani. Sisemi kwamba muziki ndio uliomaliza magenge, amani ilitangulia. Lakini vijana walioweza sasa kuvuka mtaa wa wenzao walihitaji kitu cha kuwakutanisha huko wanakokwenda, na disko za kina Herc zikawa kitu hicho. Bunduki na mikufu vilikuja kutawala baadaye sana, kampuni za kurekodi zilipoona vinauza.

Sekunde 43

Sasa turudi kwenye daftari. Nataka tulifungue na kulitazama kwa karibu, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kuandika vesi hudhani ni kubwabwaja tu.

Vesi ya kawaida, yaani sehemu ya wimbo anayochana mtu mmoja kabla ya kiitikio, ina mistari 16. Kila mstari hubeba mapigo manne ya ngoma. Biti ya mwendo wa wastani hupiga mapigo 90 hivi kwa dakika. Piga hesabu: mistari 16 mara mapigo manne ni mapigo 64, na mapigo 64 kwa mwendo huo humalizika katika sekunde 43. Mstari mmoja unapata chini ya sekunde tatu. Ndani ya muda huo mdomo wa kawaida unaweza kutamka silabi 12 hadi 16 bila kujikwaa. Vesi nzima, basi, ina nafasi ya silabi kati ya 190 na 250 hivi. Humo kijana anatakiwa aingize kisa chenye mwanzo na mwisho, picha ambazo msikilizaji ataziona, na vina vinavyoitikiana.

Vina navyo vina kazi yake. Vitenzi vya Kiswahili vilivyo vingi huishia na sauti "a", kwa hiyo mtu akimaliza mstari kwa "nakimbia" na unaofuata kwa "nawapenda", sauti ya mwisho inafanana bila jasho lolote. Ndivyo ilivyo pia kwa "mtaani", "nyumbani" na "kazini": kiambishi kimekufanyia kazi yote. Kilinge hakiheshimu vina vya namna hiyo. Mchanaji anayejua kazi hutafuta sauti zinazofanana kwa silabi mbili au tatu za mwisho, kutoka maneno ya asili tofauti: "kibarua" na "jua", "hesabu" na "taabu". Ili uwe na maneno hayo mfukoni, lazima usome. Nimewaona vijana ambao hawajawahi kufungua kamusi kwa amri ya mwalimu wakiifungua kwa hiari yao saa nne usiku, kwa sababu ya kina kimoja kilichokataa kukaa.

Chukua mfano huu. Kijana anaandika mstari wake wa kwanza: maisha magumu mtaani, sina kitu mfukoni. Anamchania rafiki yake. Rafiki anakunja uso. "Mwanangu, hiyo kila mtu anasema. Mtaa gani? Ulikuwa unaenda wapi? Mkononi ulishika nini?" Kijana ananuna, anafuta, anakaa na kalamu. Baada ya siku kadhaa anarudi na hii:

Jero ya mwisho kwa konda, nashukia kwenye geti,
Bahasha imechanika, nachunguliwa na cheti.

Jero ni shilingi 500 kwa lugha ya mtaani. Tazama kilichotokea kati ya mswada wa kwanza na wa pili. Neno "magumu" limeondoka, ugumu wenyewe umeingia. Kuna nauli iliyokwisha, kuna geti la kiwanda au ofisi, kuna bahasha iliyozungushwa mjini mpaka ikachanika, na cheti kinachochungulia nje na kumtazama mwenyewe. Kijana huyu amejifunza kwamba msikilizaji huamini kile anachokiona. Ni somo ambalo wahariri hulisisitiza kwa waandishi watu wazima miaka nenda rudi.

Mwalimu wa Kiswahili ameshaona na jingine. Hesabu mizani, yaani silabi, katika kila nusu ya mistari ile miwili: nane na nane, nane na nane. Ni kipimo kilekile cha shairi la kimapokeo, lile la mizani 16 kwa mshororo. Wako wanafunzi wanaopata sifuri wakiulizwa maana ya mizani kwenye mtihani, ilhali jioni wanazihesabu kwa vidole bila kujua kwamba ndicho kitu kilekile. Hapo kosa ni letu watu wazima: tumewafundisha istilahi na kuwaficha matumizi yake.

Baada ya kuandika inakuja kazi ya pumzi. Mchanaji huweka alama daftarini pale atakapovuta hewa, maana asipopanga, atakatika katikati ya neno. Halafu kukariri. Wimbo wa vesi tatu una mistari 48, na jukwaani hakuna karatasi. Mtoto anayedaiwa kuwa hana kumbukumbu ya historia anazo nyimbo kumi kichwani, neno kwa neno, zake na za wenzake.

*Kwa ufupi:* vesi moja inadai ufupisho, hesabu, msamiati, picha, uvumilivu wa kuandika upya, na kumbukumbu. Mtu anayeyafanya haya kila wiki kwa hiari yake hapotezi muda.

Malumbano yana wenyewe

Kuna wanaosema kuchana ni kuiga Wamarekani. Biti ilitoka huko, ni kweli, na vijana wetu wa kwanza walianza kwa kuiga waziwazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alijipatia jina Dar es Salaam kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya nyimbo za Kimarekani zilizokuwa zikitamba. Kundi la Kwanza Unit likafuata, kisha Hard Blasters, na kadiri miaka ilivyokwenda lugha ikazidi kuchukua usukani.

Lakini kukaa mbele ya watu na kumjibu mwenzako kwa vina, huo ni urithi wa pwani hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama. Kurasa za ushairi za magazeti yetu zimejaa watu waliojibizana kwa miezi, mmoja Tanga, mwingine Songea, hawajawahi kuonana. Kijana anayesimama kwenye kilinge kumkabili mwenzake anafanya kazi ambayo babu zake waliijua vizuri.

Nimekaa pembeni mwa kilinge kimoja nyuma ya kibanda cha chipsi, Mwananyamala. Biti ilitoka kwenye simu iliyotumbukizwa ndani ya ndoo tupu ili sauti ikue. Vijana kumi na kitu walisimama duara. Sheria hakuna aliyezitangaza, lakini zilifuatwa: humgusi mwenzako, hudakii zamu, na ukishajibiwa unatulia. Kijana mmoja mwembamba alianza vizuri, akafika mstari wa tano, akapotea. Akanyamaza, macho chini. Nilitarajia zomeazomea. Badala yake duara zima likapiga makofi kushika mapigo na mtu akapaza sauti: "Mwanzo! Mwanzo!" Wimbo ukarudishwa. Safari ya pili alifika mwisho.

Aliyepitia hilo amejifunza mambo mawili ambayo darasa lenye wanafunzi 80 haliwezi kumpa kwa urahisi: kwamba unaweza kuanguka mbele ya watu na usife, na kwamba wenzako wanaweza kukutaka usimame tena. Na siku ya pambano la kweli, akishindwa na mwenzake mkali zaidi, anajifunza kumpa mkono aliyemshinda kwa maneno. Kijana anayejua kulipa tusi kwa mstari mzuri ana silaha nyingine kabla ya ngumi.

Kusema na wakubwa

Malezi yetu yanamtaka mdogo amsikilize mkubwa, na adabu hiyo ina thamani yake. Ila inaacha tatizo: kijana mwenye jambo la kweli la kumwambia mkubwa alisemee wapi? Kwa miaka zaidi ya 25 hip hop ya Kiswahili imekuwa mahali pamoja pa kusemea.

Mwaka 2001 Professor Jay, ambaye jina lake ni Joseph Haule, alitoa "Ndio Mzee". Alivaa sauti ya mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimuitikia. Hakumtukana kiongozi yeyote. Aliacha ahadi zenyewe zijianike, na nchi nzima ikazitambua. Huo ni ufundi wa hali ya juu wa kukosoa ndani ya mipaka ya heshima, na vijana waliokuwa shule za msingi wakati huo waliujua wimbo ule kabla hawajajua maana ya ilani ya uchaguzi. Kutoka Tanga, Wagosi wa Kaya wakachana kuhusu namna wagonjwa wanavyopokewa hospitalini katika "Wauguzi". Ferooz, akiwa na Professor Jay, akatoa "Starehe", kisa cha mtu anayekufa kwa UKIMWI akitazama nyuma alikopita. Matangazo ya afya ya wakati ule yaliwaambia vijana wajihadhari. Wimbo huo uliwakalisha kando ya kitanda cha mgonjwa, kwenye nyumba ambazo jina la ugonjwa lenyewe halikutajwa.

Nairobi nako, mwishoni mwa miaka ya 1990, Kalamashaka walitoka Dandora, mtaa unaopakana na jalala kubwa la jiji, wakachana kwa Kiswahili na Sheng', lugha ya mitaani ya Nairobi, wakati redio za mjini zilikuwa zikipendelea Kiingereza. Walichofanya baada ya kufahamika ndicho ninachokiheshimu zaidi: waliwafungulia mlango wadogo zao, hadi likakua kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau, lenye wachanaji kutoka mitaa mbalimbali. Katika kizazi hicho akatoka Juliani, ambaye baadaye alirudi Dandora kuanzisha Dandora Hip Hop City, kituo cha sanaa cha vijana wa pale pale alipokulia. Goma, mashariki mwa Kongo, kituo cha Yole!Africa nacho kimewapa vijana mahali pa kuchana, kudansi na kutengeneza filamu katika mji uliozoea milio ya risasi.

Wako waliotoka kwenye maiki wakaingia kwenye uongozi. Joseph Mbilinyi, yaani Mr II au Sugu, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Professor Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020 na baadaye akateuliwa naibu waziri. Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya mwaka 2021. Hawa wametoka vyama tofauti na hawakubaliani kwa mengi, kwa hiyo mfano wao haumvuti kijana kwenye chama fulani. Unamwonesha kwamba mtu aliyezoea kupanga hoja mbele ya umati ana alichojifunza.

Maneno pia yana gharama. Mwaka 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatoa kwenye mkutano wa hadhara kuhusu Rais wa wakati huo. Naona kijana anayeandika ajue hilo mapema, aambiwe na mtu mzima anayempenda, ili achague maneno yake akiwa macho.

Matusi, bangi na ndoto za ustaa

Sasa yale maswali halali.

Ndiyo, kuna nyimbo za hip hop zinazowadhalilisha wanawake, zinazosifu ulevi na bangi, zinazomfanya mwenye fedha kuwa ndiye mtu. Sitazitetea. Kijana wa miaka 13 anayezisikia kutwa nzima bila mtu wa kuzijadili naye anaweza kudhani huo ndio utu uzima. Kuna pia maisha ya pembezoni mwa muziki: usiku mrefu, marafiki wa msimu, dawa za kulevya. Langa Kileo, mmoja wa wachanaji wenye kipaji kikubwa wa kizazi chake, alijitokeza hadharani kueleza jinsi dawa za kulevya zilivyomteka, akawaonya vijana kwa jina lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, angali kijana. Ujasiri wake wa kusema ni sehemu ya urithi wa hip hop kama zilivyo nyimbo zake.

Nilichokiona ni kwamba anayeandika hubadilika kuwa msikilizaji mgumu. Akishajua kazi inayoingia kwenye vesi nzuri, tusi linaanza kuonekana kwake kuwa ni uvivu, mahali ambapo mwandishi aliishiwa. Katazo la mzazi halijawahi kufanya kazi hiyo kwa ufanisi huo. Kwa hiyo badala ya kuzima redio, kaa naye, muulize: "Mstari huu ungekuwa wako, ungeuacha hivi?"

Kuhusu ustaa, tuwe wakweli: wengi hawatakuwa mastaa, na hakuna haja ya kumdanganya mtoto. Ila mtaani kwangu mwenyewe nawajua waliokwenda kwenye muziki wakarudi na kazi. Mmoja anarekodi na kusafisha sauti za matangazo ya redio. Mwingine anahariri video za harusi. Wa tatu ni mshereheshaji anayeshika ukumbi wa watu 400 bila kutetereka. Uwezo huo waliupata wakihangaika na nyimbo ambazo hazikuwahi kupigwa popote.

Lipo jambo linaloniumiza zaidi ya matusi, nalo huzungumzwa mara chache: mabinti. Wapo waliotoboa. Zay B, Sista P, Rah P na Witnesz kwetu, Nazizi Kenya, na baadaye Rosa Ree. Kila mmoja alionesha kwamba kalamu haina jinsia. Lakini kwa kila aliyetoboa wapo walioishia mlangoni. Studio nyingi hufanya kazi usiku. Msichana akienda peke yake, nyumbani wanamsema. Akifika, baadhi ya wenye mashine wanataka malipo yasiyo ya fedha. Kinachomfaidisha kaka yake kinamfungia yeye mlango, na utamaduni ulioanzia kwenye disko la binti aliyetaka nguo za shule hauna kisingizio.

*Kwa ufupi:* madhara yapo, na yamejikita zaidi kwenye mazingira kuliko kwenye kalamu. Mazingira yanaweza kupangwa upya na watu wazima walio karibu.

Mwalimu anaweza kufanya nini?

Mwaka 2013, GZA, mchanaji wa kundi la Wu-Tang Clan, na Christopher Emdin, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliendesha mradi katika shule 10 za serikali jijini New York. Wanafunzi walitakiwa kuandika mistari kuhusu mada za sayansi, kisha wakashindana jukwaani. Sayansi yenyewe ilitakiwa iwe sahihi, si vina kuwa vikali tu.

Kwetu wazo hili lina uzito wa ziada. Tanzania mwanafunzi hujifunza kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari masomo mengi hugeuka kuwa ya Kiingereza. Wengi wanapita kwa kukariri fasili wasizozielewa. Mwambie mwanafunzi huyo achane kwa Kiswahili jinsi jani linavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Fasili aliyoikariri haitamsaidia. Itabidi ajue maji yanatoka wapi, hewa inaingia kupitia wapi, mwanga unafanya nini, na kinachotoka ni nini, ndipo aweze kukipanga katika mistari minane. Pale atakapokwama, mwalimu ameona kwa macho yake ni wapi somo halikueleweka. Na kwa vile mistari hiyo inakaririka, itarudi kichwani siku ya mtihani ikiwa imebeba maana.

Ukitaka kuanzisha kilinge mtaani kwako

Uganda kuna mradi ulioanza mwaka 2006, Breakdance Project Uganda, unaofundisha dansi ya breki bila malipo kwa msingi mmoja: uliyefundishwa, umfundishe mwingine. Msingi huo ndio unaoufanya uende bila fedha nyingi. Kilinge cha kuandika na kuchana kinahitaji vitu vichache zaidi:

- Chumba chenye soketi moja. Darasa baada ya masomo, ofisi ya serikali ya mtaa, au ukumbi wa nyumba ya ibada ukikubaliwa.
- Spika ndogo na simu yenye biti zisizo na maneno. Zinapatikana bure mtandaoni.
- Daftari na kalamu kwa kila mmoja. Mitindo huru iwepo, lakini kila anayekuja aondoke ameandika.
- Mtu mzima mwenye ufunguo, anayefika kila wiki. Si lazima ajue kuchana. Kazi yake ni kuuliza yale maswali ya rafiki mkali: mtaa gani, ulishika nini, nani alikuwepo.
- Sheria tatu ukutani: hakuna kugusana, hakuna kudakia zamu, na aliyesahau anarudishiwa mwanzo.

Waalike na wazee wanaojua mashairi. Mzee aliyewahi kutuma mashairi gazetini anaweza kukaa na mchanaji wa miaka 16 wakabishana kuhusu kina kimoja kwa nusu saa nzima, na wote wawili wakaondoka wamefaidi.

Kabla kijana hajaingia studio au kusaini karatasi ya mtu yeyote, hakikisha kuna mtu mzima aliyeisoma karatasi hiyo pamoja naye, na kwamba wimbo umesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya taifa, kwa jina la aliyeutunga. Vijana wengi wamesikia sauti zao redioni bila kupata hata nauli ya kurudi nyumbani, kwa sababu hawakujua kwamba mistari ni mali.

Na upangeni muda kwa kuwafikiria mabinti. Anzeni saa tisa alasiri, mmalize kabla ya magharibi, mlango ukiwa wazi muda wote, na pawepo mwanamke mtu mzima ndani ya chumba. Mkiweza, zamu ya kwanza kila wiki iwe ya msichana.